Ugali wa Msiba Wangu

Jumapili, 29 Juni

Jamani, tarehe imepangwa! Esta wangu anaolewa Jumamosi ya tarehe 27 Septemba, parokiani kwetu hapa hapa Ilula. Wakwe wamekuja leo kutoka Mbeya, wamependeza mpaka nikaona aibu na viti vyangu. Baba wa Amos, bwana harusi wetu, ni mzee mpole, kila akishukuru anachanganya Kinyakyusa na Kiswahili, na nyama amekula vizuri. Wazee walipokubaliana tu, mimi nikatoka mlangoni nikapiga kigelegele. Watu wa kituo cha mabasi wanasema wamekisikia. Ninaamini! Mimi Faustina Mungu alininyima urefu, akanilipa koo. Pale barabarani basi likisimama wenzangu wanakimbilia madirishani na ndoo zao za nyanya, mimi nabaki mezani naita, na abiria wanashuka wenyewe.

Kwetu bibi harusi akitoka kanisani, kigelegele cha kwanza ni cha mama mzazi. Wengine wote wanasubiri. Nimekisubiri hicho kigelegele tangu Esta yuko mgongoni.

Lusia naye alikuwepo, atakosaje. Ni mwenzangu wa meza ya pili barabarani, Mngoni wa Songea aliyeolewa huku. Wahehe na Wangoni ni watani tangu babu zetu walipochoshana kwa vita, kwa hiyo ananitukana nikimtazama na sina ruhusa ya kununa. Leo amewaambia wakwe, "Huyo binti mmemwangalia vizuri? Mbwa wenu wa Mbeya wafungieni ndani, hawa Wahehe wanakula mbwa." Nikamjibu kwamba panya wa Songea wamehama wote kwa kuogopa kuliwa na ukoo wake. Mkwe wangu mzee alicheka mpaka akapaliwa.

Esta hakucheka sana. Alikuwa ananitazama shingoni.

Jumanne, 1 Julai

Baridi kali. Nyanya hazitaki kuiva, mimi nataka Septemba.

Ijumaa, 4 Julai

Esta kapiga simu kutoka Iringa mjini anakofundisha. Hataki habari za sare wala keki, anataka habari za shingo yangu. "Mama, hilo rovu limekua." Nikamwambia mama yangu alikuwa nalo, bibi yangu kazikwa nalo akiwa hana jino hata moja. Huku milimani mwanamke wa makamo asiye na rovu anaonekana mgeni. Akasema, "Basi Jumatano nakuja kukuchukua, na usiponifuata sitashona shela." Mtoto ana kichwa kigumu huyu, sijui kamrithi nani.

Jumatano, 9 Julai

Tumekwenda hospitali Iringa. Wamenipaka mafuta ya baridi shingoni, wakanipitishia mashine, wakanyamaza. Mimi ninapoona watu wananyamaza huwa naongea, kwa hiyo nikawasimulia harusi yote. Mwishoni wakasema niende Mbeya kwa daktari bingwa, wakanichome sindano wavute maji ya kupima.

Sherehe tumeifanya hata hivyo. Kutoka hospitali tukaingia dukani, tukachagua kitambaa cha wasimamizi. Rangi ya zambarau! Esta alitaka kijivu. Kijivu, jamani, harusini.

Alhamisi, 17 Julai

Mbeya, kwa mdogo wangu Marta, Ilomba. Sindano nimechomwa. Haikuuma kama walivyonitisha. Majibu wiki tatu. Marta kapika ndizi, nimekula kama mtu aliyetoka jela.

Jumapili, 20 Julai

Tumechuma mchumo wa kwanza! Nyanya nyekundu, ngumu, zinang'aa. Edmund alikuwa anazipanga kwenye matenga bila kusema neno, ila anatabasamu peke yake. Mume wangu ni mtu wa "sawa". Ukimwambia mvua inakuja, sawa. Ukimwambia nyumba inaungua, nadhani atasema sawa, kisha aende kuchota maji. Tangu tuoane nimekuwa nikiongea kwa niaba ya wawili.

Jumatano, 6 Agosti

Naandika nikiwa Ilomba, chumbani kwa Marta.

Daktari ni mama mtu mzima, mnene, ana sauti ya chini. Akaniuliza nimekuja na nani. Nikasema nimekuja na miguu yangu. Akatabasamu kidogo, akavuta kiti akakaa upande wangu wa meza. Hapo nikajua. Daktari akihama upande, jambo limekuwa zito.

"Mama Esta, hili siyo rovu la kawaida. Ni saratani ya tezi la shingo."

Nikamwambia haiwezekani, mimi nina harusi.

Hakunicheka. Akasema saratani hii ni miongoni mwa zile zinazotibika vizuri ukiiwahi, watu wanapona na kulea wajukuu. Lakini kuna kitezi cha pembeni nacho kimeshavimba, maana yake imeanza kutembea, hivyo tusiipe muda. Amenipa nafasi ya upasuaji Jumanne tarehe 26 mwezi huu huu. Nikiikosa, foleni itanisukuma mpaka Desemba.

Nikauliza wanapasua wapi. Akanionyesha kwa kidole kwenye shingo yake mwenyewe. Akaniambia, kwa sababu ni lazima aniambie, kwamba mishipa ya sauti inapita hapo hapo. Mara nyingi sauti inabaki. Mara nyingine inakwaruza. Mara chache inakwenda moja kwa moja.

"Na kigelegele, daktari?"

Alidhani natania. Aliponitazama usoni akaona sitanii. "Kigelegele siwezi kukuahidi," akasema.

Nimetoka pale nimekanyaga ardhi bila kuisikia. Naogopa. Naandika wazi hapa kwa sababu kwa mdomo sitasema: naogopa kufa, na naogopa kuishi nikiwa bubu, na leo sijui ninachokiogopa zaidi ni kipi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimerudi Ilula. Nimemwambia Lusia nilikwenda kuona maonyesho ya Nane Nane. Akauliza, "Wamekuweka banda la mifugo?"

Jumapili, 10 Agosti

Nimemwambia Edmund baada ya misa. Nimemwambia na uamuzi wangu: upasuaji baada ya harusi. Nitatoka kanisani na mwanangu, nitapiga kigelegele changu, nitamkabidhi kwa watu, halafu madaktari wachukue shingo wanavyotaka. Desemba siyo mbali. Esta asijue kabisa mpaka harusi ipite, nimemwambia sindano ilitoka safi.

Edmund alikwangua udongo kwenye kiatu. Kisha akasema, "Utafanya unavyoona, Mama Esta." Akachukua jembe, akaenda shambani, siku ya Jumapili!

Nilitaka agombe. Nilitaka apige meza, aseme hapana, wewe mwanamke unakwenda. Nimeolewa na mwanaume gani mimi, mkewe anamwambia habari za kifo na yeye anakwenda kupalilia?

Alhamisi, 14 Agosti

Nguo yangu ya mama mzazi imekamilika! Fundi kaweka mikono ya kupuliza na kola ya juu inayoficha shingo. Nimeivaa nikajizungusha mbele ya kioo mpaka nikagonga kabati. Kwa dakika hizo sikuwa mgonjwa kabisa.

Jumamosi, 16 Agosti

Bei ya nyanya nzuri. Nimeita mabasi mpaka nikakohoa. Lusia kaniuliza, "Mhehe, umemeza nini?" Nikasema vumbi.

Jumanne, 19 Agosti

Hospitali wamepiga simu kukumbusha. Nikasema ndiyo, nakuja, asante, nikakata. Edmund alikuwa kwenye kigoda hapo hapo, anasikia. Akanitazama, akavaa kofia, akatoka. Hakusema anakwenda wapi. Shambani haendi jioni.

Alhamisi, 21 Agosti

Weee! Sijui nianzie wapi.

Asubuhi, jua linachomoza, nachemsha uji, nikasikia kilio uani. Kilio hasa, kile cha mikono kichwani. Nikatupa mwiko nikakimbia, nikijua kuna mtu kafa kwa jirani. Mlangoni nikamkuta Lusia. Kichwa wazi, miguu mitupu, khanga kaifunga kiunoni kama mfiwa, anatandika mkeka mbele ya mlango wangu.

"Uuuwi! Uuuwi mtani wangu! Umeniacha na nani barabarani!"

"Lusia, umelewa asubuhi hii?"

"Kimya! Marehemu haongei."

Akakaa, akanyoosha miguu, akaendelea kulia. Machozi ya kweli! Nikamwambia aache upuuzi, majirani wanasikia. Akanipungia mkono kama anafukuza kuku. Nikamtafuta Edmund anisaidie, nikamwona amesimama pembeni ya banda la kuni ameinamisha kichwa. Hapo ndipo nikaelewa juzi jioni alikuwa amekwenda wapi.

Mume hawezi kumwambia mkewe "utakufa". Kwetu ni kama kumtakia. Mtoto hawezi, ndugu hawezi, padre anazungukazunguka. Mtani pekee ndiye anayeweza, na ukimkasirikia wewe ndiye mwenye makosa. Edmund hakuwa na maneno, akaenda kwa mwenye nayo.

Lusia akafuta pua, akasimama, akasoma wasifu wa marehemu kwa kichwa.

"Marehemu alizaliwa Kilolo, mfupi. Akasoma kidogo, akapiga kelele sana. Akaolewa na Edmund, mwanaume mzuri, ambaye kuanzia leo namrithi mimi, na mume wangu atajijua. Marehemu aliambiwa na daktari, njoo Jumanne. Marehemu akasema, Jumanne sina nafasi, nina kigelegele."

Nikasema, "Lusia, tafadhali."

"Harusi ikafika, marehemu akapiga kigelegele chake. Kilikuwa kizuri! Mpaka Mikumi simba waliamka. Kikaisha. Watu wakala pilau wakaenda zao." Sauti yake ikashuka, na mchezo ukamtoka usoni. "Mwaka kesho binti kajifungua. Yuko peke yake na kichanga, hajui kukikanda, hajui kukifunga, anaita mama. Mama! Nani anamwitikia? Kigelegele?"

Nilikaa kwenye huo huo mkeka, pembeni yake, nikalia kilio ambacho nilikuwa nimekikalia tangu Ilomba. Lusia akanishika begani, huku naye analia na kunitukana.

Sasa, kosa ni hili. Lusia alipanga mambo yote ila alisahau kwamba Ilula kilio cha asubuhi hakina utani. Kabla sijafuta machozi nikaona mama wa jumuiya yetu anaingia na beseni la unga kichwani, nyuma yake wengine wawili na maharage. Kijana wa jirani kashusha mzigo wa kuni bila hata kuuliza nani kafa. Mwishoni akaja katekista, mzee Eliezeri, na koti jeusi na kitabu cha nyimbo, ameshaanza wimbo tangu njiani. Akaniona nimekaa mkekani. Wimbo ukamfia mdomoni.

"Faustina," akasema, "wewe ni mfiwa au ndiye marehemu?"

Lusia akajibu, "Marehemu, baba. Ila amechelewa kuondoka."

Ikabidi nieleze. Mbele ya watu wote, kwa mdomo wangu: nina saratani, nimeitwa Jumanne, nilitaka nisiende. Hakuna aliyenung'unika kwa kusumbuliwa. Walipojua ni mtani wakasema "Aaa!" kwa pamoja, wakacheka, kisha wakanisogelea. Mama wa jumuiya akanishika mkono. "Na huo unga?" akauliza mmoja. Unga wa msiba haurudi nyumbani, kila mtu anajua, ni mkosi. Basi wakawasha moto. Wakapika ugali na maharage, tukala, mimi nikakatiwa tonge la kwanza. Nadhani ni mimi peke yangu mkoa mzima wa Iringa niliyekula ugali wa msiba wangu, na ulikuwa umeiva vizuri!

Mtani naye ana haki yake, hanyanyuki mkekani mpaka apewe kitu. Tulipomaliza kula Lusia alikuwa bado amekaa. Nikamuuliza anataka nini, kuku? Khanga? Akasema, "Nataka nione begi."

Edmund akaingia ndani, akatoka na begi langu jekundu. Limeshafungwa. Ndani mna khanga zangu, soksi, vyeti vya hospitali, sabuni. Nikamuuliza amelifunga lini.

"Ile Jumapili," akasema, "nilivyotoka shambani."

Mwanaume huyu. Mwanaume huyu, jamani! Miaka yote hii nilidhani naongea kwa niaba ya wawili.

Ijumaa, 22 Agosti

Esta kaambiwa. Kalia, kanifokea, kalia tena. Nimestahili.

Jumapili, 24 Agosti

Tumefika Ilomba na Edmund, njia yote Makambako mpaka Igawa sikunyamaza. Nimemsimulia kila kitu nilichowahi kumsimulia. Nilitaka sauti ichoke kwa kutumika, siyo kwa kukatwa. Yeye alikuwa anasema "sawa", "sawa", na mara hii nikasikia kwamba kila sawa yake ina urefu wake.

Jumanne, 26 Agosti

Alfajiri. Wananiita saa mbili. Nimetoka uani kwa Marta nikapiga kigelegele kimoja, kirefu, cha kwenye shina la koo. Mbwa wa Ilomba wote wamebweka, jirani kachungulia dirishani kauliza kuna harusi? Nikasema ipo, njoo Septemba.

Haya. Naenda.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimeamka, nipo! Shingo ina plasta kubwa, bomba limetolewa jana. Wamekata tezi lote na vile vitezi vya pembeni.

Sauti haipo. Nikifungua mdomo inatoka hewa. Daktari anasema mshipa mmoja ulikuwa umeshikwa na ugonjwa, wameuokoa lakini umeumia. Huenda sauti ikarudi nusu, huenda isirudi, tusubiri. Nimelia, na kumbe kulia nako kunataka koo. Edmund alinishika mkono, na hii ndiyo lugha yake, sasa nami naisoma.

Jumanne, 9 Septemba

Majibu ya nyama iliyotolewa! Kingo zake zote ni safi, hawakuacha ugonjwa nyuma. Nitameza vidonge maisha yangu yote, nitarudi Mbeya kupimwa, na huenda wakaniongezea dawa nyingine baadaye, lakini daktari alisema neno "nimefurahi" mara mbili. Mimi nikainuka nikamchezea pale pale ofisini, bila wimbo. Nesi alidhani nimerukwa na akili.

Ijumaa, 12 Septemba

Nyumbani. Matenga ya mchumo wa mwisho wameyajaza wanawake wa jumuiya. Wasimamizi wamejaribu nguo, zambarau imewapendeza, si nilisema!

Alhamisi, 18 Septemba

Leo nimeketi mezani kwangu barabarani, siruhusiwi kuinua ndoo. Sauti imerudi kidogo, kama mtu anayenong'ona nyuma ya mlango. Basi likisimama Lusia anaita kwa ajili ya meza mbili: "Nyanya za bubu! Njooni, hawezi kuwapandishia bei!" Nimeuza zote. Nilicheka mpaka kidonda kikavuta.

Kila siku nyuma ya banda la kuni najaribu kigelegele. Hakitoki. Ulimi unakwenda, koo halitoi kitu. Zimebaki siku chache tu kufika harusi na mimi moyo unanidunda kwa furaha na kwa uchungu, vyote viwili, na sitaki kimoja kimfukuze mwenzake.

Jumapili, 28 Septemba

Imekuwa! Esta wangu kaolewa!

Nitaandika pilau kesho, na jinsi mkwe mzee alivyocheza, na mvua ya mapema iliyotaka kutuharibia ikarudi zake Udzungwa. Leo naandika mawili.

La kwanza, kanisani. Walipotoka mlangoni wanawake wote wakanyamaza, wakanigeukia, kama desturi. Nilifungua mdomo nikapeleka ulimi kwa nguvu zangu zote. Hakuna. Hewa. Kengele ya kanisa ikalia peke yake. Sijawahi kusikia kimya kirefu namna ile, na niliumia, sitadanganya. Kisha wenzangu wakaanza kwa niaba yangu, vigelegele vikapaa, vizuri sana, lakini changu hakikuwemo.

La pili, ukumbini jioni. MC hakuwa mtu wa hapa, hakujua habari zangu. Ilipofika zamu ya wazazi akachukua kipaza sauti, akapaza kama wanavyopaza wao: "Mama mzazi wa bibi harusi, yupo au hayupo?"

Nilikuwa meza ya mbele. Nikasimama na nguo yangu ya kola ya juu.

"Nipo," nikasema.

Hakusikia. "Sijasikia! Mama mzazi, yupo au hayupooo?"

"Nipo."

Akaweka mkono sikioni, anachekesha watu. Na hapo nikasikia viti vinasukumwa. Nyuma yangu akasimama Lusia, akasimama mama wa jumuiya aliyeleta unga, akasimama mzee Eliezeri na koti lake jeusi, wakasimama wote waliokuja kunizika, na Edmund wangu, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti hata kwa ng'ombe, Edmund ndiye aliyetangulia.

"Yupo!" akasema. "Yupo!"

"Yupo!" ukumbi mzima. "Yupo! Yupo!"

Esta alikuwa pale mbele ameinamisha macho kama mabibi harusi wanavyofundishwa. Akainua kichwa. Akaacha kiti, akakusanya shela lake mkononi, akanijia mbio katikati ya meza. Alinikumbatia kwa nguvu upande wa kidonda, na sikumwambia kwamba inauma.